Tuiulize Damu Kabla ya Kuipa Dawa



Mara nyingi katika ukurasa huu tumesema habari za homa zinazojulikana na kila jamaa: malaria, homa ya matumbo, surua ya watoto. Juma hili twataka kusema juu ya homa nyingine, isiyoletwa na mbu wala na maji machafu, bali huingia mwilini kwa njia ambayo waganga wenyewe wameifungua ili kumwokoa mgonjwa. Wengi wenu hamjapata kuiona. Lakini mashine za kusafisha damu na dawa kali za saratani zimekwisha kufika katika miji mikubwa ya nchi yetu, na jamaa zetu zimeanza kuzijua. Basi yafaa tuijue homa hii mapema, tusije tukafundishwa na msiba.

Sisi si waganga. Kazi yetu ni kufundisha watoto. Haya tutakayoyasema tumejifunza kando ya kitanda cha mwalimu mwenzetu, kwa kuwauliza waganga na wauguzi waliomtunza. Tena tumejifunza kwa kosa letu wenyewe, nalo hatutalificha, maana wahenga walisema: mficha maradhi, kifo kitamfichua.

Mpira uingiao karibu na moyo

Mwenzetu huyu alikuwa na presha ya damu miaka mingi pasipo kujua. Ugonjwa ulipojulikana, figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika. Tangu siku hiyo ikampasa kwenda hospitali mara mbili kila juma, alale kando ya mashine muda wa saa nne, damu yake itoke, isafishwe, irudi mwilini. Na ili damu nyingi ipate kutoka na kurudi upesi, waganga walimtia mpira shingoni.

Tueleze kwanza mpira huo ni kitu gani. Sindano ya kawaida, ile ya serumu, hutiwa katika mshipa mdogo wa mkono. Mshipa huo ni mwembamba; hauwezi kupitisha damu nyingi kwa mara moja, wala hauvumilii dawa kali. Kwa hiyo waganga huchukua mpira mrefu na laini, uitwao katheta, wakaupitisha katika mshipa mkubwa wa shingo, au ule ulio chini ya mfupa wa mtulinga, au ule wa kinenani. Ukitiwa shingoni au chini ya mtulinga, ncha yake hufika katika mshipa mkuu ulio mlangoni mwa moyo. Wenye figo zilizokufa, wenye saratani, wasioweza kula kwa kinywa, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao: hao ndio hasa wanaouhitaji.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde huko Ujerumani, mganga kijana aitwaye Werner Forssmann alijitia mwenyewe mpira kwa mshipa wa mkono, akausukuma sentimita 65, kisha akaenda kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei ili picha ionyeshe kwamba ncha imefika moyoni. Wako waliomlaumu kwa ujasiri huo; lakini mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Mwaka 1952 Mfaransa Robert Aubaniac alionyesha njia ya kuufikia mshipa ulio chini ya mtulinga, na mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alionyesha namna ya kupitisha mpira mshipani kwa kuuongoza juu ya waya mwembamba. Namna hiyo hutumiwa hata leo. Ni wagonjwa wangapi wameponywa kwa mpira huo, hakuna awezaye kuwahesabu.

Mwizi naye huuona mlango

Lakini mlango ukifunguliwa kwa ajili ya rafiki, mwizi naye huuona. Ngozi ya mtu ni ukuta wa nyumba yake. Vijidudu vingi hukaa juu ya ngozi hiyo siku zote wala havitudhuru, kwa kuwa ukuta ni mzima. Mpira umeutoboa ukuta. Vijidudu vya ngozi vyaweza kutambaa kando ya mpira, kwa upande wa nje, mpaka ndani ya mshipa. Au vyaweza kuingia kwa ndani, kupitia kinywa cha mpira, pale wauguzi wanapoufungua na kuufunga, ikiwa mkono haukuoshwa vema au kifuniko hakikupanguswa. Mara chache hutoka katika kidonda kingine cha mwili, vikaletwa na damu. Na mara chache zaidi hutoka katika dawa au serumu iliyochafuka.

Vikiisha kufika, havikai kama wageni. Tazameni jiwe lililokaa siku nyingi mtoni: limefunikwa na ute utelezao, hata maji yakipita kwa nguvu hauondoki. Ndivyo vijidudu hufanya juu ya mpira. Hujishonea vazi la ute, vikajificha chini yake. Dawa ikipita, huua wale waliotoka nje, lakini waliofunikwa hubaki. Ndiyo maana homa ya mpira hushuka leo, ikarudi juma lijalo.

Na ugumu wake ni huu: haina alama yake yenyewe. Mgonjwa huwa na joto, hutetemeka, hulegea. Mtu wa malaria je? Naye vivyo hivyo. Mtu wa mapafu je? Naye vivyo hivyo. Wengi hudhani kwamba ngozi penye mpira itavimba na kutoa usaha. Ikiwa hivyo, ni dalili kubwa; lakini wagonjwa wengi wenye vijidudu katika mpira, ngozi yao ni safi kabisa. Mtoto mchanga na mzee wanaweza hata kukosa joto: mtoto huacha kunyonya, hupoa mwili, hupumua kwa kukatakata, mzee huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Basi macho peke yake hayatoshi. Ni lazima kuiuliza damu yenyewe.

Kosa letu

Mwezi wa tatu baada ya kutiwa mpira, mwenzetu alianza kutetemeka. Alikuwa amelala kando ya mashine kama nusu saa, mara meno yakagongana, na mablanketi matatu yasimfae kitu. Joto likapanda. Jioni, alipofika nyumbani, likashuka, akala ugali kama desturi. Sote tukasema: ni malaria. Katika nchi yetu, nani atetemekaye asiambiwe malaria? Akanywa dawa ya malaria siku tatu. Juma lililofuata, siku ya mashine, kutetemeka kukarudi.

Hapo sisi, tuliojiona kuwa na elimu kupita jirani zetu, tukaenda katika duka la dawa karibu na soko, tukanunua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, tukampa mgonjwa asubuhi na jioni. Hatukumwuliza mganga. Hatukumwambia hata muuguzi wa mashine. Siku ya tatu mgonjwa alitetemeka tena kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, ndipo tulipompeleka kwa mganga.

Mganga alipima malaria, haikuonekana. Akasikiliza mapafu, akapapasa tumbo, akakagua mahali mpira ulipoingilia: hakuna wekundu, hakuna usaha. Akaagiza damu itolewe, ioteshwe katika laboratwari. Chupa zikakaa siku tano katika kabati la joto, na siku zote tano zikanyamaza. Ndipo alipotuita kando akauliza: "Mwalimu, kabla ya siku ile alikunywa dawa gani?" Tulitaka kusema hakuna. Lakini mke wa mgonjwa alikuwa amesimama pale, naye vidonge alikuwa ameviona. Tukasema kweli.

Mganga hakutugombeza. Alisema neno moja tu: "Mmevifunga vinywa vijidudu, hamkuviua." Maana yake ni hii. Vidonge vile vilikuwa na nguvu ya kuzuia vijidudu visiote ndani ya chupa, lakini havikuwa na nguvu ya kuving'oa chini ya vazi lao la ute. Shahidi alikuwako, nasi tulimnyamazisha kabla hajaulizwa. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa hatarini, mganga alimpa dawa kwa mshipa, lakini alikuwa kama mtu apigaye gizani asiyejua adui ni yupi. Homa ikatulia. Dawa ilipokoma, hazikupita siku kumi, ikarudi. Majuma hayo mawili yaliyopotea, sisi ndio tuliyoyapoteza.

Mahali pawili, wakati mmoja

Safari hii hakuna aliyempa kitu. Tulimleta hospitali siku ileile, naye mganga akaagiza damu itolewe tena, kabla ya dawa yoyote. Muuguzi alipoleta chupa nne, kaka mkubwa wa mgonjwa alisimama.

"Damu tena?" akasema. "Juma kwa juma mwaitoa damu ya mdogo wangu. Mwaipeleka wapi?"

Muuguzi hakukasirika. "Baba," akasema, "swali lako ni la haki. Kila chupa itaingia mililita 10. Chupa mbili nitazijaza kwa damu ya mpira, na mbili kwa damu ya mkono. Jumla ni mililita 40. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Hii haifiki sehemu moja ya mia. Nitaandika jina lake juu ya kila chupa mbele ya macho yako. Kisha twende wote, ukaone ninapoiweka."

Mzee akatazama kila tendo. Muuguzi aliosha mikono, akavaa glavu, akapangusa vifuniko vya chupa kwa alkoholi. Akapangusa kinywa cha mpira, akatoa damu. Kisha akatafuta mshipa nyuma ya kiganja, kwa kuwa mishipa mikubwa ya mkono wa mgonjwa wa figo hutunzwa kwa ajili ya mashine siku za mbele. Akapaka ngozi dawa ya klorheksidini, akangoja ikauke. Hakuharakisha, maana dawa isiyokauka haijamaliza kazi yake. Akatoa damu kwa kipimo kilekile. Juu ya chupa akaandika jina, siku na saa, na mahali damu ilipotoka: mpira, mkono. Baada ya hapo, na si kabla, mgonjwa akapewa dawa. Wala hawakungoja majibu ndipo wamtibu. Walingoja damu itolewe tu. Tofauti hiyo ni ya dakika chache, lakini ndani yake mna kila kitu.

Kaka yake akafuata hadi laboratwari. Aliporudi alisema: "Nimeiona. Imo katika kabati, na jina lake limeandikwa." Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Chupa ipi imesema kwanza?

Sasa mtauliza: kwa nini mahali pawili? Damu si moja mwilini mwote? Ndiyo, ni moja. Lakini ikiwa vijidudu vimefanya makao ndani ya mpira, damu ivutwayo kwa mpira hupita katikati ya kiota chao, ikabeba vijidudu vingi. Damu ya mkono imekwisha kuzunguka mwilini, nayo ina vijidudu vichache.

Chukueni mabakuli mawili ya unga wa mkate. Katika moja tieni hamira nyingi, katika jingine kidogo, mkayaweke mahali pamoja penye joto. Yote mawili yataumuka, lakini lenye hamira nyingi litatangulia. Ndivyo zilivyo chupa hizi. Ndani yake mna chakula cha vijidudu. Vikila, hutoa hewa ya kaboni, na mashine ya laboratwari huitambua hewa hiyo, ikaandika saa. Ni lazima damu iwe ya kipimo kimoja na ya wakati mmoja, la sivyo saa itadanganya.

Mwaka 1999 mganga François Blot na wenzake wa Ufaransa walitangaza kipimo kinachotumiwa sasa katika nchi nyingi: ikiwa kijidudu ni kilekile katika chupa za mahali pawili, na chupa ya mpira imetangulia chupa ya mkono kwa dakika 120 au zaidi, basi yaelekea sana kwamba makao yake ni mpira. Uzuri wa njia hii ni kwamba mpira waweza kubaki mahali pake wakati swali linapoulizwa.

Chupa ya mpira ya mwenzetu ilisema baada ya muda wa saa 11. Chupa ya mkono ilisema baada ya muda wa saa 15. Katika zote mbili alionekana adui mmoja, jina lake Staphylococcus aureus. Neno la kwanza latoka katika Kiyunani, maana yake mbegu zilizoshikamana kama kichala cha zabibu. La pili ni la Kilatini, maana yake ya dhahabu, kwa sababu kijidudu hiki kikioteshwa huonyesha rangi ya dhahabu. Jina ni zuri. Kazi yake si nzuri. Hupenda kushika vilango vya moyo na mifupa, na penye kijidudu hiki waganga hawakawii kuutoa mpira. Hufanya vivyo hivyo wakiona uyoga mdogo uitwao Candida. Wakiona vijidudu vyenye nguvu kidogo, pengine huuacha mpira na kuujaza dawa ndani yake. Mnaona basi kwamba kujua jina la adui si elimu ya bure: jina ndilo linaloamua kama mpira utatolewa, ni dawa ipi, na kwa siku ngapi.

Si kila shahidi husema kweli

Hata hivyo yatupasa kutahadhari. Juu ya ngozi ya kila mmoja wetu kuna kijidudu kiitwacho Staphylococcus epidermidis. Ngozi isiposafishwa vema, huingia katika sindano, kikaota katika chupa moja, na mgonjwa akatibiwa ugonjwa asio nao. Lakini kijidudu hikihiki ndicho kimojawapo cha wale wapendao sana kukaa juu ya mpira. Mganga atajuaje kama ni mgeni wa ngozi au ni mwizi wa kweli? Hapo tena mahali pawili hutusaidia. Kikiota katika chupa moja tu kati ya nne, na mgonjwa hana neno, mganga hushuku kwamba ni uchafu wa ngozi. Kikiota kilekile mahali pote pawili, na mgonjwa ana homa, humwamini shahidi.

Ikiwa chupa za mpira tu zimesema na za mkono zimenyamaza, huenda vijidudu vimekaa kinywani mwa mpira tu, havijaingia katika damu ya mwili. Mganga humwangalia mgonjwa kwa karibu. Ikiwa chupa ya mkono imesema pamoja na ya mpira au imetangulia, yampasa atafute mahali pengine: mapafu, tumbo, kidonda, njia ya mkojo. Wala asisahau malaria. Katika nchi yetu mtu aweza kuwa na malaria na vijidudu vya mpira kwa pamoja. Kuonekana kwa mmoja hakumfukuzi mwenzake.

Zamani swali liliulizwa kwa ncha ya mpira. Mwaka 1977 Dennis Maki na wenzake wa Marekani walionyesha namna ya kukata ncha ya mpira uliotolewa na kuiviringisha juu ya sahani yenye chakula cha vijidudu. Siku hizi hukatwa sentimita 5. Yakiota makundi 15 au zaidi, mpira hushtakiwa. Kipimo hicho hutumiwa hata sasa, lakini kina upungufu. Kwanza, sharti mpira utolewe, na mara nyingi huonekana baadaye kwamba haukuwa na hatia. Mgonjwa ametobolewa mara ya pili bure. Pili, kuviringisha huonyesha vijidudu vya upande wa nje tu, na katika mipira iliyokaa muda mrefu, wengi hukaa ndani. Tatu, ncha peke yake bila damu haithibitishi neno. Ndiyo maana waganga waangalifu hawapeleki laboratwari ncha ya kila mpira uliotolewa, bali ya ule ulioshukiwa tu, na pamoja nayo hupeleka damu.

Mtasema: mambo haya ni ya hospitali zenye mali. Ni kweli kwamba mashine ihesabuyo dakika haipatikani kila mahali. Lakini chupa za damu hazihitaji mashine daima. Ziko zitazamwazo kwa macho kila siku: mchuzi ukiwa na ukungu au mapovu, shahidi amesema. Tangu mwaka 2007 taasisi ya utafiti ya taifa huko Kinshasa, ijulikanayo kwa herufi INRB, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, zimekuwa zikiotesha damu ya wagonjwa wa hospitali mbalimbali za Kongo. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na mpira wowote. Walikuwa watoto na watu wazima wenye homa, na vijidudu vya salmonela vilionekana mara nyingi. Lakini kazi ile yathibitisha kwamba damu yaweza kuulizwa hata hapa kwetu. Pasipo na mashine, saa haziwezi kulinganishwa sawasawa. Hata hivyo, kujua kwamba kijidudu ni kimoja katika mpira na katika mkono ni msaada mkubwa.

Yatupasayo sisi jamaa

Twaweza kufanya nini, sisi tusio waganga? Mambo matano.

Kwanza, tuandike. Katika daftari ndogo tuweke siku mpira ulipotiwa, siku za homa, na saa kutetemeka kulipoanza. Kutetemeka kunakofuata mara baada ya mpira kufunguliwa, mashine ikianza au serumu ikipita, ni habari kubwa kwa mganga. Sisi tulikuwa tumeiona mara mbili, wala hatukuitaja.

Pili, mwenye mpira akipata homa, asingoje kesho. Aende hospitali siku ileile, hata usiku, naye aseme mlangoni: "Nina mpira katika mshipa mkuu."

Tatu, asimeze dawa ya kuua vijidudu aliyoinunua dukani au kupewa na jirani. Na akiwa amekwisha kuimeza, aseme jina lake au alete kasha lake. Aibu ya kusema hupita kwa dakika moja.

Nne, tusikatae damu kutolewa mara mbili. Tuulize, ni haki yetu. Tutazame jina likiandikwa. Tukihitaji, tuombe kuonyeshwa chupa zinapowekwa. Lakini tusimwondoe shahidi.

Tano, tuulize kila juma: mpira huu wahitajiwa bado? Usiohitajiwa ni mlango ulioachwa wazi. Katika jimbo la Michigan, Marekani, vyumba vya wagonjwa mahututi 103 vilifuata mambo machache sana: kuosha mikono, kumfunika mgonjwa kwa nguo safi kabisa wakati wa kutia mpira, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepa mshipa wa kinenani, na kuondoa mpira usio na kazi. Mganga Peter Pronovost na wenzake walitangaza matokeo mwaka 2006: hesabu ya kati ya vyumba hivyo ilikuwa maambukizo 2.7 kwa kila siku 1,000 za mpira. Baada ya miezi mitatu ikawa sifuri. Hawakuvumbua dawa mpya.

Na mwenzetu? Mpira ulitolewa, moyo wake ukakaguliwa kwa mashine ya picha, na vilango vyake vilikuwa salama. Damu ilipooteshwa tena na kunyamaza, safari hii kwa haki, alitiwa mpira mwingine upande wa pili wa shingo, akapewa dawa majuma sita. Figo zake hazikurudi, hilo hatulifichi. Bado aenda kwenye mashine mara mbili kila juma. Lakini siku nyingine, asubuhi, yuko mbele ya ubao na chaki mkononi, na watoto humwitikia.

Daftari la homa hulishika kaka yake, yule aliyeuliza damu yapelekwa wapi. Kila siku ya mashine huja nalo mfukoni pamoja na kalamu. Sisi nasi duka lile la karibu na soko twalipita njiani kwenda shuleni, wala hatuingii tena kununua tusichokijua.